Bloki za saruji na majivu ya makaa ya mawe: mwongozo kwa anayeanza Lubumbashi

Kila kiangazi kinapoingia na watu wanapoanza kufyatua bloki kwa ajili ya ujenzi, maswali huwa yale yale: je, majivu ya makaa ya mawe yanaweza kupunguza saruji, yachanganywe kiasi gani, kwa nini bloki za mtu fulani zimemeguka, na je, majivu ya mbabula (jiko la makaa ya kuni) hayawezi kufanya kazi hiyo hiyo? Kwa majivu ya moshi, yaani unga laini unaonaswa katika moshi wa makaa, yanayotoka katika boila inayofaa (tanuru la mvuke la kituo cha umeme), anayeanza anaweza kuondoa kilo 20 katika kila kilo 100 za saruji na kuweka majivu mahali pake, mradi apime kwa mizani, amwagilie bloki muda mrefu kuliko alivyozoea, na asizijenge mapema. Majivu ya mbabula hayafai. Yanatokana na kuni, yamejaa chumvi zinazoyeyuka majini, na hayana ule udongo ulioyeyuka kwa joto kali ambao ndio unaoifanya kazi yenyewe.

Nadharia ni kidogo tu. Saruji inapokutana na maji huzaa chokaa ambayo haiongezi nguvu yoyote kwenye bloki. Majivu mazuri huikamata chokaa hiyo na kuigeuza kuwa gundi ya ziada, lakini huifanya kazi hiyo polepole, kwa wiki na miezi, na panapokuwa na unyevu peke yake. Karibu kila kosa linalotajwa hapa chini linatokana na mtu kusahau mambo hayo mawili, unyevu na muda.

Kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi: majivu makavu yaliyofungwa vizuri, saruji, mchanga safi na kokoto ndogo au vumbi la mawe, mizani inayoweza kupima hadi kilo 50, ndoo mbili za ukubwa mmoja, chekeche la matundu ya milimita 1, kalibu (mule) ya bloki uliyoizoea, bashi (turubai) au magunia ya kufunikia, chupa ya kioo cheupe yenye kifuniko, sufuria ambayo haitarudi jikoni, pamoja na daftari. Kwa ajili ya mwili wako, tafuta barakoa ya vumbi ya daraja la FFP2, miwani ya kuziba macho na glavu za mpira. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili, kwa sababu chembe zake nyingi ni ndogo kuliko nyuzi zinavyoweza kuzinasa, na ndani yake mna kwatzi ambayo huumiza mapafu ikivutwa kwa miaka.

Hakikisha pia kwamba maji yapo. Ikiwa bomba la mtaani kwenu hutoa maji siku mbili kwa wiki na kisima kiko mbali, tatua jambo hilo kwanza, kwa kuwa bloki za majivu zilizokosa maji ni dhaifu kuliko bloki za saruji kidogo zisizo na majivu kabisa.

Hatua ya 1: Jua majivu yametoka katika boila gani

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotufikia Katanga hutoka majini, yaani Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Mwadingusha kwenye Lufira, na Inga ya mbali. Kwa hiyo ingawa makaa ya Luena, hapa hapa Katanga, yamejulikana tangu enzi za Wabelgiji, majivu ya kituo cha umeme yatakayokufikia Lubumbashi yatakuwa yamevuka mpaka, na kwa malori mpaka huo kwa kawaida ni Kasumbalesa. Kusini kwetu vituo vya makaa viko vingi: Maamba nchini Zambia, Hwange nchini Zimbabwe, na vile vikubwa vya Afrika Kusini kama Lethabo. Majivu yao hayafanani.

Kuna boila zinazosaga makaa kuwa unga na kuuchoma kwa joto linalozidi nyuzi 1,300. Katika moto huo madini yaliyomo huyeyuka na kuganda hewani kama vitufe vidogo vya kioo, navyo hunaswa kwenye vichujio vya moshi. Haya ndiyo majivu ya moshi ambayo vitabu vya ujenzi huyasifu, na ndiyo yaliyotumika katika bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililojengwa kuanzia 1948 hadi 1953. Hwange na Lethabo ni vituo vya aina hiyo.

Aina ya pili ni boila ambazo makaa huchomwa yakielea katika mchanga wa moto, kwa joto la nyuzi 850 hivi, mara nyingi pamoja na mawe ya chokaa yanayowekwa ili kukamata salfa. Maamba hutumia boila za namna hii, kwa kuwa makaa yake mengi ni ya daraja la chini. Joto hilo haliyeyushi madini, kwa hiyo chembe hubaki zenye pembe na kunywa maji mengi, na majivu yenyewe yanaweza kuwa na chokaa hai (ambayo bado haijakutana na maji) pamoja na salfati (chumvi za salfa), vitu ambavyo huvimba ndani ya bloki iliyokwisha kukauka. Majivu hayo yana matumizi yake, ila mtu asiyeyapima hapaswi kuyatia kwenye ukuta.

Mwulize muuzaji jina la kituo, aina ya boila, na kama majivu yamechukuliwa makavu kutoka kwenye silo (ghala la mnara) au yamechotwa kwenye bwawa la kutupia majivu. Yaliyochotwa bwawani yamelowa, huwa yamechanganyika na majivu mazito ya chini ya tanuru, na sehemu ya nguvu yake imekwisha. Yatumie kama mchanga, usiyahesabu kuwa saruji.

*Onyo.* Katika mji wetu unga wa kijivu ni mwingi, na si wote ni majivu ya makaa. Vumbi la viyeyushio vya shaba, mabaki ya kusafishia madini, na slagi (mabaki ya kuyeyushia madini) kama ile ya mlima mweusi ulio kando ya bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, vinaweza kuwa na kobalti, risasi, kadimiamu na aseniki. Mtu akikuletea unga kwa bei ya kutupa huku akishindwa kutaja kituo ulikotoka, mwache aende nao.

Hatua ya 2: Dai karatasi, kisha isome

Karatasi ya maabara ina mistari mingi, lakini wewe tafuta minne. Upungufu wa uzito baada ya kuchomwa, ambao huonyesha makaa yasiyoungua, usizidi asilimia 5 au 6. Trioksidi ya salfa, inayoandikwa SO3, isizidi asilimia 5 kwa kipimo cha Marekani cha ASTM C618, na kwa kipimo cha Ulaya cha EN 450 isizidi 3. Chembe zinazobaki kwenye chekeche la mikromita 45 zisizidi asilimia 34 kwa cha kwanza, au 40 kwa cha pili. Jumla ya silika, alumina na oksidi ya chuma ikifika asilimia 70, hayo ni majivu yenye chokaa kidogo, na ndiyo salama zaidi kwa anayeanza.

Dai pia kipimo cha metali nzito. Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi, unayaweka majivu ya vituo vya makaa kwenye orodha ya taka zisizo za hatari, kifungu B2050, isipokuwa yale yenye sumu kiasi cha kuingia orodha A, ile ya taka za hatari. Kwa hiyo karatasi hiyo inakulinda wewe na familia zitakazoishi ndani ya kuta, na pia inakusaidia mbele ya DGDA (idara ya forodha) mpakani.

Hatua ya 3: Soma mfuko wa saruji

Watu wengi hupoteza fedha hapa bila kujua. Saruji iliyoandikwa CEM I ina klinka (mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa, ndiyo kiini cha saruji) asilimia 95 au zaidi, na ndiyo inayoweza kubeba majivu yako kwa raha. Iliyoandikwa CEM II/B-V tayari imewekewa majivu ya moshi kiwandani, kati ya asilimia 21 na 35. CEM II/B-M ni mchanganyiko wa vitu kadhaa, na CEM IV ina pozolana (vitu vinavyokamata chokaa kama majivu) nyingi zaidi. Ukiongeza asilimia 20 juu ya mfuko uliokwisha kupunguzwa klinka, chokaa inayotakiwa na majivu yako haitatosha, na bloki itabaki laini hata ukiisubiri miezi. Kwa CEM II/A, yenye klinka nyingi kuliko CEM II/B, anza na asilimia 10. Kwa CEM II/B na CEM IV usiongeze chochote.

Hatua ya 4: Yapime kwa mikono yako

Hata kama karatasi ni nzuri, mzigo ulio mbele yako unaweza kuwa mwingine. Vipimo vitatu vinatosha.

Kwanza, tia vijiko vitano vya majivu kwenye chupa ya kioo, ijaze maji hadi robo tatu, itikise kwa nguvu na uiache nusu saa. Majivu mazuri hutua chini yakiwa kijivu cheupe. Utando mwembamba mweupe ukielea juu, usiogope, hivyo ni vitufe vyenye hewa ndani. Utando mweusi unaopaka kidole kama masizi ni makaa yasiyoungua, nayo yatakunywea maji na kupunguza nguvu.

Pili, kwenye kopo la bati changanya majivu matupu na maji hadi yawe kama uji mzito, kisha shika kopo kwa kiganja. Likipata joto dhahiri ndani ya dakika chache, au uji ukiganda wenyewe kabla ya kesho yake, majivu hayo yana chokaa hai. Yatenge.

Tatu, changanya gramu 80 za saruji na gramu 20 za majivu, uzikande kwa maji kidogo, na utengeneze vitumbua vinne vyenye upana wa sentimita 8, vinene katikati na vyembamba pembeni, juu ya vipande vya kioo. Vifunike kwa kitambaa kibichi siku nzima. Viwili vichemshe majini kwa muda wa saa tatu, kisha viangalie kwa jua la ubavuni: ufa unaotoka pembeni kwenda katikati, au ukingo uliojikunja na kuachana na kioo, unamaanisha kwamba ndani mna kitu kinachovimba. Viwili vilivyobaki viache kwenye maji baridi kwa siku 28. Uvimbe wa salfati hauonekani kwenye maji ya moto, hujitokeza polepole kwenye maji ya baridi, kwa hiyo asiyesubiri vile viwili vya pili hajapima majivu ya boila za Maamba hata kidogo.

Majivu yaliyoshindwa kwa sababu ya weusi yana njia nyingine. Wanaofyatua matofali ya kuchoma kwa udongo wa kichuguu wanaweza kuchanganya sehemu 1 ya majivu hayo kwa sehemu 9 za udongo. Makaa yaliyobaki huungua ndani ya tofali lenyewe na kupunguza kuni za tanuru, jambo ambalo kwa miombo iliyokwisha kukatwa kuuzunguka mji si dogo. Yaliyoshindwa kwa sababu ya kuvimba, yarudishe kwa aliyekuuzia.

Hatua ya 5: Fyatua bloki za majaribio

Tengeneza mafungu matatu, kila fungu na kilo 150 za mchanga na kokoto kwa uwiano uleule uliouzoea. Fungu la kwanza ni saruji kilo 20 bila majivu. La pili ni saruji kilo 16 na majivu kilo 4. La tatu ni saruji kilo 14 na majivu kilo 6. Kwa kalibu ya sentimita 15 kwa 20 kwa 40 yenye matundu, kila fungu litakupa bloki 10 hivi, na kila bloki uiandike tarehe na namba ya fungu kwa msumari ikiwa bado mbichi.

Pima kwa mizani. Ndoo ya majivu ni nyepesi kuliko ndoo ya saruji, na anayehesabu kwa ndoo hujikuta ameweka kiasi ambacho hakukusudia, leo pungufu na kesho zaidi, kulingana na jinsi yalivyoshindiliwa.

Hatua ya 6: Changanya kwa mpangilio

Chekecha majivu. Yachanganye na saruji peke yake, yakiwa makavu, hadi rangi iwe moja bila mistari. Fanya hivyo ndani ya pipa lililofunikwa au mahali pasipo na upepo, ukiwa umevaa barakoa, na watoto wakiwa mbali. Halafu tia mchanga na kokoto, ugeuze mara tatu kwa sepetu, ndipo uanze kunyunyizia maji. Majivu ya vitufe hulainisha mchanganyiko, kwa hiyo anza na maji pungufu kidogo kuliko kawaida na uongeze kwa kikombe. Ukifinya konzi ya mchanganyiko ikashikana bila kutoa maji wala kukuachia kiganja kikavu, imefika.

*Onyo.* Mafundi masoni wengi wakiona mchanganyiko umekuwa mwororo hudhani umepata nguvu, hivyo huongeza maji ili kazi iende haraka. Kila kikombe cha ziada hula nguvu ile ile uliyotaka kuipata.

Hatua ya 7: Funika, mwagilia, subiri

Bloki zikae kivulini chini ya bashi tangu saa ya kwanza. Kuanzia siku ya pili zimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 14, badala ya zile 7 za kawaida. Kati ya Mei na Septemba hewa ya Lubumbashi hunyonya unyevu kuliko watu wanavyodhani, na usiku wa Juni na Julai baridi huchelewesha zaidi kazi ya majivu. Katika miezi hiyo ongeza wiki moja ya kufunika na usikubali kubanwa na mwenye nyumba anayetaka ukuta Jumamosi. Msimu wa mvua una unyevu wa bure, lakini bloki changa zisipigwe na mvua ya moja kwa moja siku mbili za mwanzo.

Hatua ya 8: Linganisha, kisha amua

Peleka bloki 3 za kila fungu zikavunjwe kwa mashine siku ya 7, ya 28 na ya 56. Uliza maabara ya OCC (ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa), au Kitivo cha Politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuhusu utaratibu na gharama. Kuangusha bloki kutoka usawa wa kiuno hakusemi kitu, kwani huonyesha tu kwamba haijaoza kabisa. Siku ya 7 fungu la pili litakuwa nyuma ya la kwanza, na hilo ni la kawaida. Kinachotafutwa ni kwamba pengo lizibe siku ya 28 au 56. Lisipozibika, punguza majivu hadi asilimia 10 au yaache.

Piga pia hesabu ya fedha kwa ukweli. Kilo 10 za majivu zinaokoa kilo 10 za saruji katika kila mfuko, basi. Ongeza usafiri, karatasi za mpakani, vipimo, maji na wiki ambazo bloki zinalala uwanjani bila kuuzwa. Kwa maoni yangu, kilo ya majivu ikifika uwanjani kwako kwa zaidi ya nusu ya bei ya kilo ya saruji, biashara hiyo haina faida kwa fundi mdogo. Mwenye mashine kubwa anayeagiza lori zima ana hesabu tofauti.

Bloki hizi zitumie kwa kuta za kawaida na uzio. Nguzo, linta na dari zenye nondo usizitilie majivu mpaka mhandisi awe na matokeo ya mzigo huo huo mkononi.

Mambo yakienda kombo

*Kona zinamomonyoka siku ya tatu au ya nne.* Mara nyingi bloki zimehamishwa mapema. Mchanganyiko wenye majivu hushika polepole. Ziache kwenye ubao siku moja zaidi. Zikiendelea kumomonyoka baada ya wiki, rudi kwenye mfuko wa saruji usome herufi zake.

*Bloki ina madoa meusi juu.* Makaa yasiyoungua yameelea kwa sababu ya maji mengi. Punguza maji kwanza. Madoa yakibaki, majivu yenyewe ndiyo mabaya.

*Unga mweupe unatokea usoni.* Ni chumvi zinazotolewa na maji yanapokauka. Zikipigwa brashi kavu zikatoweka, hakuna hasara. Zikirudi kila baada ya mvua, angalia mchanga na maji uliyotumia kabla ya kuyalaumu majivu, kisha usipige lipu mpaka zikome.

*Nyufa ndogo zenye umbo la utando wa buibui siku ya kwanza.* Upepo na jua vimezikuta bloki zikiwa wazi. Bashi ilichelewa.

*Nyufa zinazotokea baada ya miezi, hasa upande unaopata maji.* Hapa usizibe kwa saruji na kuendelea. Huo ni uvimbe wa chokaa au salfati, na utaendelea. Simamisha matumizi ya mzigo wote, weka bloki mbili majini, na kabla ya kuamua kama ukuta unabaki au unabomolewa, mwite mhandisi auone.

*Vijishimo vinaruka usoni kama vifuniko vya chupa.* Kipande cha chokaa hai au cha madini ya chuma na salfa kimevimba karibu na uso, na hutokea zaidi kwa wanaotumia majivu ya chini ya tanuru badala ya mchanga. Majivu hayo yachekeche, yalowanishe, yaache nje wiki kadhaa kabla ya kuyatumia, na yasizidi robo ya mchanga wote.

*Mfuko wa majivu umeganda.* Umenyonya unyevu. Bonge linalovunjika kwa vidole linaweza kuchekechwa na kutumika. Lile linalohitaji nyundo lihesabu kama kokoto. Mifuko ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa.

*Yamebaki majivu usiyoyahitaji.* Yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye mfereji unaoelekea mto Lubumbashi au Kafubu, kwa sababu maji huweza kuyachuja na kuchukua aseniki, seleni na boroni. Yasiwekwe pia kwenye shamba la mboga kama mbolea, hata kama mtu atakuambia kwamba majivu ni majivu. Yalowanishe kidogo yasipeperuke, yafunge kwenye mifuko, na uyatunze kwa ajili ya fungu linalofuata.